Gari la Kambi, Kipupwe na Waanzilishi wa Simiyu: Mjadala

Kipupwe, miezi ya Juni hadi Agosti, ndicho kipindi ambacho barabara za Mkoa wa Simiyu hupitika kwa uhakika kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mvua zinazoanza Novemba huwa zimekatika kufikia mwisho wa Mei, udongo mweusi wa mabondeni umekauka na kupasuka, na usiku wa Bariadi hupoa kiasi cha kumfanya mgeni atafute blanketi. Nyumbu wa Serengeti mwanzoni mwa kipindi hicho huwa wamesogea upande wa magharibi, kwenye Mto Grumeti na mbuga zinazoelekea Ziwa Victoria. Pamba nayo inatoka shambani. Ndipo yanapoonekana magari ya kambi: Land Cruiser na Land Rover zenye hema juu ya paa, malori ya watalii yanayobeba jiko na tangi la maji, na mara chache karavani iliyovutwa kutoka kusini mwa Afrika.

Safari za namna hii zina mizizi mikubwa zaidi Marekani na Kanada. Huko wastaafu wengi hukimbia theluji wakiwa ndani ya magari ya kulala, wakiteremka hadi Arizona na majimbo mengine ya kusini, na njiani husimama kwenye vituo vya historia ya walowezi waliovuka bara hilo kwa magari ya maksai katika karne ya 19. Msafiri analala garini, anapika garini, na mchana anatembelea kibanda cha magogo, kaburi la zamani au bohari lililogeuzwa makumbusho. Kambi na kituo vinategemeana: kambi inampa mtu mahali pa kulala, kituo kinampa sababu ya kulala hapo badala ya kilomita 200 mbele.

Simiyu haina mpango kama huo, ingawa ina njia, majira na historia. Hoja inayojadiliwa hapa ni hii: mkoa utenge kambi za magari na kituo cha historia ya waanzilishi, ili msafiri wa kipupwe anayekwenda Serengeti asiupite mkoa huu kama daraja. Sauti tatu zimepangwa kuwakilisha misimamo inayogongana. Mwongozaji ni kijana anayepeleka watalii porini akitokea Mwanza; yeye anaunga mkono hoja. Mwalimu anafundisha historia katika shule ya sekondari wilayani Busega. Anaikubali kwa masharti. Mkulima ni mzee wa pamba kutoka Itilima, na anaipinga.

Majira na barabara

Mwongozaji: "Shikamoo mzee. Shikamoo mwalimu. Mimi naanza na njia yenyewe. Mgeni akitoka Mwanza hufuata lami ya Musoma, anapita Kisesa, Magu na Nyashimo hadi Lamadi. Hapo akinyoosha, muda si mrefu analiona lango la Ndabaka, anaingia Serengeti. Akikata kulia, lami ya kama kilomita 70 inamfikisha Bariadi, na kutoka Bariadi kuna lami mpaka Maswa. Watu hawa hawadai hoteli. Wanadai uwanja wenye kivuli, maji, choo kisafi na mlinzi. Tukiwapa hivyo vinne, watasimama."

Mkulima: "Marahaba, kijana wangu. Watasimama kipupwe. Kifuku je?"

Swali hilo fupi linagusa udongo. Wasukuma huugawa udongo wao kwa majina kulingana na mahali unapokaa kwenye mteremko: luseni, mchanga wa juu karibu na vilima vya mawe, itogolo na ibambasi katikati, na chini kabisa mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji. Wataalamu wa udongo walipofika katika miaka ya 1930 walikuta mgawanyo huo ukikubaliana na vipimo vyao. Kwa gari la kambi maana yake ni kwamba njia ya vumbi inayopita luseni hupitika karibu mwaka mzima, lakini ile inayokatiza mbuga hufungwa na mvua ya usiku mmoja. Gari lenye kitanda, friji, tangi la maji na mizigo ya wiki 3 huwa zito, na likizama hadi ekseli halitoki kwa jeki wala kwa kusukumwa. Ukanda wa magharibi wa Serengeti, hasa nyanda za Ndabaka, unajulikana kwa kumeza magari namna hiyo.

Kwa hiyo mzee yuko sahihi kwamba biashara hii ni ya miezi michache. Mwongozaji hakubishi, anasema ndiyo sababu kambi isijengwe kwa zege nyingi. Uwanja uliosawazishwa, uzio wa minyaa, choo na bomba vinaweza kukaa bila wageni hadi Juni ijayo bila kumfilisi mtu. Anataja viwanja vya Nyakabindi, nje ya mji wa Bariadi, vilivyopokea maonesho ya kitaifa ya Nanenane mwaka 2018: vina nafasi ya kutosha, na nje ya wiki za maonesho havina msongamano.

Kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yao anayelipa uzito unaostahili, nalo ni usiku barabarani. Kipupwe ni msimu wa mauzo ya pamba. Malori yaliyojazwa mpaka marobota yamening'inia ubavuni, baiskeli zenye magunia, na mikokoteni inayovutwa na maksai bila taa wala kiakisi mwanga vyote hutumia lami ileile. Dereva wa gari la kambi asiyezoea asiendeshe baada ya magharibi. Huu ni ushauri wa usalama, lakini una upande wake wa kuchekesha: Mmarekani husafiri siku nyingi kwenda kulitazama gari la maksai likiwa limewekwa ndani ya jumba la makumbusho, ilhali Itilima gari la maksai bado lina mzigo na lina haraka.

Mwanzilishi ni nani?

Hapa ndipo mjadala unapopamba moto, kwa sababu kila sauti inaleta waanzilishi wake.

Mwongozaji anaanza na wale ambao wageni wa Ulaya tayari wamewasoma. John Hanning Speke aliliona Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, na ghuba inayopakana na Busega inaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipita Usukuma na msafara mkubwa wa wapagazi, akafika Kageye kando ya ziwa mwishoni mwa Februari, kisha akalizunguka ziwa kwa mashua. Katika maandishi yake aliutaja mto aliouita Shimeeyu na kudhani ndio tawi la mbali zaidi la Nile upande wa kusini. Baadaye ikaonekana kwamba Kagera ndio wenye dai hilo, lakini Mto Simiyu ukawa umeingia kwenye ramani za dunia. "Mgeni akisimama darajani kabla ya Magu," anasema Mwongozaji, "nikimwambia kwamba mto huu uliwahi kudhaniwa ni chanzo cha Nile, anazima injini."

Mwalimu: "Anazima injini, anapiga picha, anaondoka. Huyo mtu alipita tu. Wapo waliokaa. Nenda Nassa."

Nassa iko kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke, ndani ya Wilaya ya Busega ya sasa. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la Church Missionary Society (CMS) walifungua kituo hapo mwishoni mwa miaka ya 1880, wakati njia yao kuu ilikuwa ile ya kwenda Uganda kupitia kusini mwa ziwa. Mwaka 1909 kituo kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission, na Kanisa la Africa Inland Church (AIC) Tanzania linahesabu mwanzo wake nchini kutoka hapo. Jirani na eneo hilo kuna mahali panapoitwa Nassa Ginnery, jina lililobaki kutokana na kiwanda cha kuchambua pamba. Misheni na pamba vimekaa jirani: ndani ya mwendo mfupi wa gari msafiri anakutana na mambo mawili yaliyoubadilisha ukanda huu katika karne ya 20. Mwalimu anaona hapo ndipo pa kuanzia.

Mkulima anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza kwa upole unaouma: "Mwalimu, hao waliofika Nassa walipokelewa na nani? Walikuta watemi, walikuta mashamba, walikuta ng'ombe. Mwanzilishi ni yule aliyekuta pori."

Madai yake yana ushahidi mzito. Sehemu kubwa ya Bariadi, Itilima na Meatu, inayoonekana leo kama bahari ya mashamba ya pamba, mtama na mahindi, ilikuwa kichaka ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyopiga Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, iliua mifugo mingi. Malisho yasiyoliwa yakageuka vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Mwaka 1922 malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, yalilipuka upande wa Maswa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka kwenye vitongoji vilivyotawanyika na kuwaweka pamoja. Mtaalamu wa wadudu Charles Swynnerton alichunguza mlipuko huo. Baadaye, akifanya kazi Shinyanga, alisimamia majaribio ya kumfukuza mbung'o kwa kufyeka na kuchoma pori kwa mpango. Shoka hazikushikwa na wataalamu. Zilishikwa na maelfu ya wanakijiji walioitwa na watemi wao, vijana wakiongozwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji ambaye kazi yake ilikuwa kupanga nguvu za pamoja, kuanzia palizi hadi ngoma.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia ukaja Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947 ukiwa na makao yake Malya. Ulichimba malambo, ukafyeka vichaka, ukawasukuma watu kutoka maeneo yaliyojaa kwenda ardhi mpya, upande wa Geita na upande wa mashariki. Ulileta pia amri: matuta ya lazima, kupunguza mifugo, faini kwa asiyetii. Amri hizo ziliwachosha watu na kulisha siasa za kudai uhuru, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umekufa. Malambo yalibaki. Watu nao waliendelea kusogea mashariki kwa hiari yao, wakifuata malisho na ardhi ya pamba, hadi wakakutana na mipaka ya uhifadhi: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyotangazwa mwaka 1951 na Pori la Akiba Maswa la mwaka 1962.

Mkulima: "Baba yangu alikuja Kanadi, upande wa Itilima, na shoka, jembe na ng'ombe wanne. Wawili walikufa kwa mbung'o. Hiyo ndiyo historia ya waanzilishi. Haina picha, haina kaburi lenye maandishi ya kizungu, kwa hiyo hamuioni."

Mwalimu anakubali, lakini halegezi kamba. "Mzee wangu, kwa heshima. Ukisema mwanzilishi ni aliyekuta pori, basi Meatu turudi nyuma zaidi. Wahadzabe walikuwa wakiwinda na kuchimba mizizi upande huo kabla shoka la Msukuma halijafika. Wataturu walikuwa wakichunga. Kile ulichokiita pori kilikuwa nyumba ya mtu."

Ni jibu gumu, na mzee hana njia ya kulikwepa. Anachosema ni kwamba Wahadzabe waulizwe wenyewe wanavyotaka kuelezwa, kuliko kuwekwa pembeni ya simulizi ya Wasukuma kama mapambo. Katika mjadala huu hapo ndipo pande mbili zinapokaribiana zaidi. Historia ya makazi mapya popote pale ina mtu aliyehamia na mtu aliyesogezwa. Vituo vingi vya walowezi huko Marekani vilichukua miongo mingi kukiri kwamba mabonde waliyoyaita matupu yalikuwa ya watu. Afrika Mashariki ina mifano yake: Makaburu waliofika pande za Meru na Arusha mwanzoni mwa karne ya 20, na wale wa mwaka 1908 waliopanda na magari ya maksai hadi Uasin Gishu nchini Kenya, wote walitajwa kwa muda mrefu kama waanzilishi wa nchi zilizokuwa na wenyewe. Simiyu inaweza kuanza bila kosa hilo.

Kuna waanzilishi wa aina nyingine ambao Mwalimu anawaleta bila kupingwa na yeyote: watu wa ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, walianza kupima pamba yao wenyewe ili wasiibiwe kwenye mizani ya wafanyabiashara. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, shirika lililokua hadi kumiliki viwanda vya kuchambua pamba na kuwa moja ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Maghala ya vyama vya msingi yametapakaa vijijini, na mengine bado yanapokea pamba kila kipupwe. Msafiri anayesimama mbele ya ghala kama hilo siku ya mauzo anaiona historia ikiwa kazini, na hadaiwi kiingilio.

Je, Bujora haitoshi?

Mwongozaji anarudi na swali la kibiashara. Kwenye njia hiyohiyo, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kuna Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec nchini Kanada, alifika Bujora katika miaka ya 1950 na kufanya kazi na wazee wa Kisukuma kukusanya vitu, nyimbo na simulizi. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Kuna jengo la watemi lenye umbo la kiti cha enzi, ngoma za tawala mbalimbali, nyumba ya mhunzi na ya mganga, na kila Juni hufanyika Bulabo, ambapo makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji kwa ngoma na vituko. Mgeni wa kipupwe akiona hayo, atahitaji kituo kingine cha nini kilomita 150 mbele?

Jibu la Mwalimu ni kwamba Bujora inaeleza utemi, tiba na ngoma, na inaeleza vizuri. Shoka, lambo, mizani ya pamba na safari ya kuelekea mashariki ni sura nyingine, na mahali pake ni kule ilikotokea. Hoja hii ina nguvu. Kituo cha historia kinachorudia kilichopo jirani hufa mapema. Kinachokamilisha cha jirani hupata wageni wake. Mtu aliyeona Bujora Jumamosi anaweza kufika Itilima Jumapili akiwa tayari anajua mtemi alikuwa nani.

Mgeni mwenye jiko lake

Swali la fedha lilipaswa kuwa fupi, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi, lakini ndilo linalowashinda wengi. Mkulima analiweka hivi: "Mtu aliyekuja na kitanda, jiko, maji na chakula chake, ananunua nini kwangu?"

Mwongozaji anataja dizeli, mboga, kuku wa kienyeji, asali. Anataja michembe na matobolwa, viazi vitamu vinavyoanikwa juani msimu huohuo wa ukavu, ambavyo ni chakula cha safari kisichohitaji friji. Ni majibu ya kweli lakini madogo. Dizeli ni ya mwenye kituo cha mafuta. Nyama na mikate hununuliwa Mwanza kabla ya safari. Ada kubwa hulipwa langoni mwa hifadhi, ambako gari lenye namba za nje hutozwa zaidi sana kuliko la Tanzania, na fedha hiyo haiingii kwenye sanduku la kijiji. Huko Meatu vijiji vilivyoungana katika Hifadhi ya Jamii ya Wanyamapori ya Makao hupata mgao kutokana na wawekezaji wa utalii na uwindaji, kwa kuwa ardhi ni yao na mkataba una sahihi zao. Itilima na Bariadi mashambani hakuna wanyama wa kuuza. Kuna watu, mifugo na udongo.

Maji yanaongeza ugumu. Kipupwe ni ukame. Tangi moja la gari la kambi lina lita ambazo familia ingezitumia siku nzima, na mgeni anaweza kuoga nazo asubuhi moja. Mradi mkubwa wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kwenda wilaya za Simiyu, unaogharamiwa kwa sehemu na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na Ujerumani, umekusudiwa kupunguza shida hiyo. Hata hivyo kambi yoyote itakayochota kwenye lambo la ng'ombe itakuwa na maadui kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Utaratibu wa kijiji nao haurukwi: mgeni anayetaka kulala nje ya mji hupelekwa kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, na usiku walinzi wa sungusungu wanajua gari lile ni la nani na limeruhusiwa na nani. Msafiri anayeona huo ni usumbufu hajaelewa kwamba ndio ulinzi wake.

Mwalimu ndiye anayelijibu swali la mzee, na jibu lake ndilo linaloibeba hoja nzima. Gari la kambi linabeba karibu kila kitu. Halibebi mtu wa kueleza kwa nini kiwanja fulani kimezungukwa na minyaa mizee iliyopandwa kama ukuta. Pale palikuwa na mji wa mtu, na minyaa ndiyo iliyobaki baada ya operesheni ya mwaka 1974 ya kuwakusanya watu vijijini kuwahamisha wenyewe. Halibebi mtu wa kuonyesha ukingo wa lambo na kutaja walioubeba udongo wake kichwani. Simulizi ya mahali lazima inunuliwe mahali hapo, kwa mwenyeji, kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Kambi bila simulizi itauza choo na kivuli, na kivuli cha mwembe ni cha bure kila mahali barabarani.

Mkulima: "Sasa hapo umesema. Lakini anayelipwa awe mzee aliyebeba udongo, asiwe mjukuu wa mtu wa mjini aliyekariri."

Kituo chenyewe

Kutokana na hapo, sauti tatu zinakubaliana zaidi ya zilivyokusudia. Jengo kubwa si la lazima. Kinachohitajika ni mzunguko wa siku 2 unaoanzia Lamadi: Nassa kwa ajili ya misheni na kiwanda cha pamba, ghala moja la ushirika linalofanya kazi, lambo moja la miaka ya 1950, na mji mmoja wa Kisukuma wenye minyaa, zizi na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Usiku wa katikati ulalwe Nyakabindi au uwanja mwingine wenye bomba la mji. Maelezo yawe kwa Kisukuma kwanza, yatafsiriwe kwa Kiswahili, na mgeni wa nje atafutiwe mkalimani. Mwongozaji anaomba Kiingereza kiwekwe kwenye kibao. Anakubaliwa, kiwe mstari wa tatu.

Hawakukubaliana juu ya Stanley. Mwongozaji bado anataka kibao chake darajani, kwa kuwa jina hilo linasimamisha magari. Mwalimu anasema kibao kikiwekwa, kitaje pia wapagazi, maana bila wao mashua ile isingelifika ziwani. Mkulima anasema daraja ni la mkoa wa jirani, waachiwe wao.

Kwa upande wa hukumu, hoja ya kambi imepita, lakini kwa mpangilio huu: simulizi itangulie, uwanja ufuate. Sababu ni ya hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1955, alipoziona shoka zikiingia Kanadi na kwingineko Itilima, sasa amepita 80. Choo kinaweza kujengwa kipupwe chochote. Halmashauri za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu zina walimu wa historia na wanafunzi wenye simu zinazorekodi sauti. Wazee hao waanze kurekodiwa msimu huu wa mavuno, wakati wako nyumbani na wana nafasi ya kukaa kivulini.